Godoro la Mafuta ya Mkia

Olmotonyi, 12 Februari 2024

Kwa mpwa wangu Naeku, huko Dodoma,

Pokea salamu nyingi kutoka mlimani. Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima kama jiwe, isipokuwa pua, na sababu ya pua utaiona hapo chini. Wewe kifua kimepona? Vumbi la huko silipendi. Mama yako anakusalimu sana, ila salamu kazitoa akiwa amelala, maana kukaa mwenyewe bado hawezi.

Naandika barua na kumpa dereva wa basi kwa sababu simu hainifai. Nikipiga, salio linakwisha kabla sijafika kwenye jambo lenyewe. Jambo lenyewe ni hili. Dada yangu amenisomea ujumbe wako, eti Pasaka ikifika na yeye bado halali vizuri, unakuja na gari kumchukua akaishi nawe moja kwa moja. Naeku, mama yako kazaliwa kwenye boma hili. Kahawa ile aliipanda yeye. Tangu avunjike nyonga na kufanyiwa operesheni, kila asubuhi mimi ndiye ninayemvuta kwa mikono yote miwili, kama unavyomtoa ng'ombe matopeni. Namketisha aone mlima dirishani, ananitukana, tunakunywa chai. Huko kwenu ataona nini dirishani? Ukuta wa jirani.

Adui ni godoro. Jana nililipasua lile la sponji analolalia. Mungu wangu! Katikati limebonyea kama beseni. Jasho la miaka limegandia humo, manjano, na chini ya kitambaa kuna ukungu mweusi unateleza kama kamasi. Mimi niliwahi kujificha kutwa nzima ndani ya lundo la mavi ya tembo nikiwakimbia majangili, na sikusikia kinyaa kama hiki.

Nikashuka mjini, Kaloleni, kutafuta jipya. Muuzaji akaniambia, "Mzee, hili ni la watu wa mgongo. Daktari kalipitisha."

"Ndani kuna nini?"

Akacheka. "Ndani kuna usingizi, mzee wangu."

Nikatoa kisu nikalichana ubavu palepale. Usingizi wenyewe ulikuwa vipande vya sponji vya kila rangi vimegandishwa kwa gundi, soksi ya mtoto, na fungu la nywele za bandia ambazo bado zina mafuta ya kichwa cha mtu. Nikatema mate mlangoni kwake. Akaniletea vijana wanne. Watatu niliwaangusha, wa nne akaomba radhi.

Basi nitamtengenezea dada yangu mwenyewe. Springi, na juu yake vitu alivyoumba Mungu tu. Shule niliishia darasa la sita, lakini hii mikono ina digrii.

Mjomba wako,
Lengai


Dodoma, 18 Februari 2024

Shikamoo mjomba,

Barua nimeipata, imekunjwa ndani ya mfuko wa maharage. Asante kwa maharage. Kifua kimepona kabisa. Pole na kazi ya kumwinua mama, najua ni nzito.

Ile soksi imenitia kichefuchefu mpaka nimelala kwenye mkeka, nikiogopa kulifungua godoro langu. Kwa hiyo sikukatazi, mjomba. Nakuomba tu utafute fundi. Yule dada wa mazoezi pale hospitali alinieleza vizuri. Mama akilala ubavu, uti wa mgongo unyooke. Nyonga na bega vizame kidogo, kiuno kishikiliwe. Akilala chali, pitisha kiganja chini ya kiuno chake. Kikipita ovyo, godoro ni gumu mno. Kisipopita kabisa, limezama. Na hivyo vitu vya asili visafishwe. Kama ni manyoya ya kondoo, yaoshwe kwa maji ya moto na sabuni, yaanikwe mpaka yasinuke.

Pasaka ni tarehe 31 Machi. Sisemi kukuudhi. Mama akinipigia analia, halafu anajifanya anakohoa.

Halafu, mjomba, mwaka juzi ulipotusimulia hii hadithi, yule tembo alikuwa kifaru.

Mpwa wako,
Naeku


Olmotonyi, 2 Machi 2024

Mpwa wangu mpendwa,

Marahaba. Sisi wazima, ng'ombe wazima, mahindi yanangoja mvua. Nakutakia nguvu kazini.

Kazi imekwisha! Springi nimezing'oa kwenye viti vya basi bovu lililolala kule Lemara. Humo panya wana ukubwa wa paka, na paka wameshahama. Mikojo ya panya imegandia kwenye kila chuma, nimeisugua kwa majivu huku nimeziba pua kwa jani la mgomba. Nimezipanga kwenye fremu ya mbao, nikatandaza gunia, na juu ya gunia manyoya ya kondoo wa West Kilimanjaro, wale wa manyoya marefu, maana hawa wetu wamevaa nywele kama mbuzi.

Fundi mmoja wa makochi pale Kaloleni, anaitwa Jamaldini, alinipa ushauri ambao sikumwomba. Mtu mwenye majisifu sana huyo, tabia nisiyoipenda. Akasema, "Mzee Lengai, usipozifunga springi kwa kamba ya katani, hii na mwenzake, zitakimbiana. Na hayo manyoya kayachemshe, yananuka beberu."

Nikamwambia, kijana, mimi nimekulia kwenye ngozi. Babu zetu Waarusha walilala juu ya ngozi iliyopakwa mafuta ya mkia wa kondoo. Ngozi ikalainika, na sijasikia babu aliyelilia mgongo. Mafuta hayohayo ndiyo tunawapa wanawake waliojifungua na wagonjwa wanywe. Kama yanaponya yakiwa tumboni, yatashindwaje mgongoni? Basi nikayeyusha mafuta ya mikia mitatu, nikayakanda manyoya yote mpaka yakang'aa. Sabuni ingeyaua nguvu.

Mama yako amelilalia leo. Kakunja pua. Akasema, "Lengai, umenilaza juu ya supu." Nimelichukua kama sifa. Nikapitisha kiganja chini ya kiuno kama ulivyoagiza. Kilipita vizuri, kikatoka kinameremeta.

Gari usikodi.

Mjomba wako, fundi,
Lengai


Olmotonyi, 11 Machi 2024

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Huku kwema, na ukisikia vinginevyo usiamini. Mvua zimeanza. Kwako zimefika?

Kuna jambo dogo. Lile godoro halipo tena. Alhamisi asubuhi nyati alishuka kutoka msituni, dume, jeusi kama sufuria, akavunja ua akaingia mpaka chumbani. Godoro kalibeba kwa pembe akatoka nalo nje. Nilimshika mkia tukavutana mpaka karibu na geti la chuo cha misitu, wanafunzi wakitupigia makofi. Yeye kabaki na godoro, mimi nimebaki na mkia. Mkia wenyewe kachukua mbwa.

Mama yako hajambo. Kwa muda amerudi kwenye lile la sponji, nimelizungushia shuka safi. Hana neno.

Mjomba wako,
Lengai


Dodoma, 14 Machi 2024

Mjomba, shikamoo.

Habari za nyumbani siulizi, mama ameshanieleza zote.

Nyati hakuwepo. Jua lilipowaka juu ya bati, yale mafuta yakaanza kuoza. Mama anasema chumba kilinuka mzoga. Funza weupe walikuwa wanachungulia kwenye mishono, na yeye anawafuta kwa khanga na kunyamaza, kwa sababu hakutaka kukuvunja moyo. Springi mbili zilishaachana, akawa amelala ndani ya shimo jipya badala ya lile la zamani. Halafu mvua ya kwanza ikaleta siafu. Wamepanda miguu ya kitanda kwa msururu, kufuata mafuta. Yeye yuko juu, hawezi kuinuka. Anakuita. Na wewe uko uani, unamsimulia jirani Elifuraha jinsi ulivyotengeneza godoro.

Wamemng'ata shingoni. Wamemng'ata kwenye kovu la operesheni. Umemtoa ndani ya shuka, umemweka kwenye mvua, ukaanza kumchomoa siafu mmoja mmoja.

Aliponisimulia nilitapika, mjomba, na nilikuwa kazini. Lakini funza na siafu vitaoshwa na maji. Kinachonichukiza ni nyati. Mama kaumwa na wadudu, na wewe umekaa chini, umeshika kalamu, umetunga nyati.

Jumamosi tarehe 30 nakuja na gari. Mfungie nguo zake.

Naeku


Olmotonyi, 27 Machi 2024

Kwa Naeku,

Salamu. Sisi wazima, na safari hii muulize mtu yeyote. Barua yako imefika. Pale chini hukuandika "mpwa wako". Nimeigeuza upande wa pili nikidhani umeandika huko.

Nguo sijafunga. Soma kwanza.

Lile la mafuta nililichoma nyuma ya migomba. Moshi wake ulikuwa mzito, unashika ulimi. Mbwa wa Elifuraha, ambaye chakula chake ni nepi za watoto, alikimbia akarudi kesho yake. Habari za nyati tuziache.

Nilikwenda kwa Jamaldini na springi zangu ndani ya gunia. Akafungua, akanusa, akatoka nje akasimama kando ya barabara. "Mzee Lengai," akasema, "hapa kuna kitu kimekufa na hakijazikwa." Kisha akaanza kujisifu. Eti kashona makochi ya mabalozi. Eti kuna balozi alikalia kochi lake akasahau kuhudhuria mkutano. Nikavumilia. Sijui watu huwa wanapata wapi ujasiri wa kusema uongo kiasi hicho.

Alikuja hapa na springi mpya. Akazifunga kwa katani, kila moja na jirani zake na kwenye mbao, fundo juu ya fundo. Halafu akatandika blanketi, tukamlaza mama yako ubavu, Jamaldini akageukia ukuta kwa heshima akauliza, "Mama, wapi panakusukuma?"

Dada yangu amengojea swali hilo mwaka mzima. "Hapo nyongani, legeza! Bega nalo! Hapo kiunoni kaza. Kaza, baba, au na wewe umekuja kupika supu?" Jamaldini akafungua na kufunga, akafungua na kufunga, mpaka mama yako akanyamaza. Unajua mwenyewe ni kitu gani hicho, mama yako kunyamaza.

Manyoya mapya niliyaosha mimi. Nikimwachia mtu mwingine ataniambia hayanuki. Maji ya kwanza yalitoka kama uji wa mavi, kupe wanaelea juu kama iliki. Nilichemsha, nikasugua kwa sabuni, nikamwaga, nikarudia, mpaka vidole vikakunjamana na kichefuchefu kikakosa cha kutapika. Nikaanika juu ya bati, nikawa nasimama juu ya ngazi nanusa kila fungu. Elifuraha akanipigia kelele, "Lengai, umekuwa mbwa wa polisi?" Nikaendelea kunusa. Hata hadithi sikumpa.

Juu ya springi tumeweka gunia, kisha nyuzi za makumbi ya nazi kutoka Tanga, kisha hayo manyoya, kisha sufi ya mti, laini, isiyo na harufu yoyote duniani. Kitambaa cha pamba juu na chini. Jamaldini akalipenyeza sindano ndefu upande hadi upande, akafunga, ili vitu vya ndani visitembee. Nimelilalia mimi kwanza siku kadhaa. Sikukuta mdudu. Kisha tukamhamisha. Nikapitisha kiganja chini ya kiuno chake. Kilipita kwa kubanwa kidogo, kikatoka kikavu.

Sasa sikiliza ya leo asubuhi, na hapa siongezi kitu.

Nilikwenda chumbani saa ileile kumvuta kama kawaida, nimeshakunja mikono ya shati. Kitanda kimetandikwa. Mtu hayupo. Nimechungulia chini ya kitanda, nimechungulia nyuma ya mlango. Nikatoka uani. Dada yangu amesimama kwenye kahawa na mkongojo aliopewa hospitali, anang'oa magugu kwa mkono mmoja. Akaniangalia na hii mikono ya shati iliyokunjwa.

"Unamtafuta nani? Chai iko wapi?"

Naeku, sikufichi, nilisimama pale kama gogo. Kila asubuhi hii mikono ilikuwa na kazi, leo nimeishika tu, sijui niiweke wapi. Nikaenda kuchemsha chai.

Na Jamaldini anatangaza Kaloleni nzima kwamba kamfufua mtu. Anatia kinyaa.

Jumamosi njoo. Gari nalo lije, limeshakodiwa. Lakini mama yako amesema mzigo wake ni mmoja tu, na nimeshauweka getini. Ni lile godoro la sponji. Ulipeleke dampo, na njiani ufungue madirisha.

Mjomba wako, kama bado,
Lengai