Bia ya Luteni

Sadoki, soma hii ukiwa peke yako.

Leo nusura nichapwe viboko kwa sababu ya bia. Bia, Sadoki!

Unazikumbuka zile chupa za bia chungu kutoka Ulaya? Luteni alizipanga dirishani pale bomani tangu Pasaka, jua linazipiga, ili kila mgeni azione. Eti anaiweka kwa ajili ya sikukuu ya Kaisari wao. Eti bia ikikaa inakomaa!

Leo kafungua ya kwanza mbele ya Wazungu wenzake. Chumba kizima kikanuka kicheche. Akanigeukia mimi, mpishi wake: "Umeikojolea!"

Mimi! Na kizibo kakitoa kwa mkono wake mwenyewe!

Shangazi Ndeshi alikuwa mlangoni, kaleta mtungi wa pombe ya ndizi ya askari. Akanusa chupa, akacheka. "Bwana, hii ilikufa zamani. Sisi pombe ya juzi tunaimwaga migombani."

Unajua Luteni alifanya nini? Akainywa bilauri nzima, kiburi tu, machozi yanamtoka. Wageni wake wakaenda kwa shangazi na bilauri zao.

Sasa hivi Luteni kaja jikoni, ananong'ona: imebaki pombe yoyote ya shangazi yako?

Nimemwambia ipo. Ya juzi.