Kwa Njoroge, Uliyeuawa Kando ya Transfoma

Njoroge mwanangu, baba yangu,

Haya nataka uyasikie kutoka kwangu, si kwa watu wa hapa Waithaka, maana wao wataongeza chumvi. Leo nimesimama kortini nikamnyooshea Karis kidole mbele ya jaji. Nimesema ndiye aliyekupiga jiwe la kwanza. Tangu tukuzike watu wamekuwa wakiniuliza, kwa sauti ya chini, kama kweli nitamtaja kijana niliyemlisha sahani moja na wewe. Nimemtaja. Nilipomaliza karani akanivutia kiti. Lakini leo haikuishia kortini, ndiyo sababu naandika na nguo zangu bado zinanuka moshi.

Wacha nianze mbali kidogo, nipate pumzi.

Unakumbuka ulipopata kazi ya kuendesha lile trela refu? Ulikuja ukachora kwa mkaa kwenye sakafu ya jikoni, kichwa cha lori mbele, kitanda chake nyuma, halafu magurudumu, magurudumu, mpaka nikakuambia acha, yatafika kwa jirani. Ukasema mtakuwa mnatoa transfoma bandarini Mombasa kupeleka kwenye vituo vya stima. Nikafikiri ni hizi za kwenye nguzo. "Mathe, hizo ni watoto," ukasema. "Moja yangu ni kubwa kuliko hii nyumba na choo chake." Nikakuuliza ikianguka je. "Ikianguka nitakuwa wa kwanza kujua." Ulicheka peke yako.

Kutoka siku hiyo sikulala vizuri ukiwa safarini. Nilikuwa nakupigia simu nikifungua kibanda cha mboga na nikikifunga. Uko wapi? Voi. Kesho yake, uko wapi? Bado Voi. Nikakuuliza kama umepata mwanamke Voi. "Mathe, nimebeba nyumba, sijabeba nyanya." Ndipo ukanieleza kwamba mzigo kama huo hautembei giza likiingia, kwamba gari la kusindikiza hutangulia na bendera nyekundu na taa za njano, na kila daraja mnasimama mnalipima kabla ya kulipita. Nikaona afadhali. Nikasema, mtu anayetembea pole pole hivyo, barabara haiwezi kumuua.

Kuna ile Jumapili uliniambia nikitoka kanisani nije Westlands nikuone ukipita. Nilisimama kando ya barabara na Biblia yangu na viatu vinaniumiza. Polisi walikuwa wamesimamisha magari yote. Nikaona kwanza taa, halafu kitu kama ukuta kinakuja. Juu yake alikuwa Salim, yule wa Mombasa mliyekuwa naye safari zote, ameshika mti mkavu wenye panda, anainua waya mmoja, mzigo unapita chini yake, anaushusha waya, anakimbilia mwingine. Mwanaume mmoja ndani ya gari dogo alikuwa anapiga honi na kutukana mamako. Wewe ulikuwa umetulia tu hapo mbele, unasogea kama mtu aliyejitwisha mtungi. Nikamwambia mama mmoja pembeni yangu, huyo dereva ni wangu. Akasema, "Huyo anayetufungia barabara?" Nikasema ndiyo, huyo huyo.

Nilifurahi siku hiyo, Njoroge. Sijui kama nilikuambia.

Sasa nifike pale nisipotaka kufika.

Wewe ulikuwa safarini wale watu walipokuja kuiba mafuta ya transfoma yetu, ile ya kwenye nguzo karibu na soko. Walikuja mchana wamevaa reflekta, zile fulana za kung'aa, kama wafanyakazi wa stima, wakafungua, wakajaza mitungi yao, wakaenda zao na watu wanawapungia mkono. Transfoma ikaungua. Tukakaa giza wiki nyingi. Nyama ilioza buchani, kinyozi akafunga, maji ya kisima hayakupanda tena tangini. Na unajua vile watu husema, kwamba mafuta hayo huuziwa wenye vibanda vya chipsi kwa sababu hayaishi upesi kwenye karai. Hapa kwetu mwenye chipsi alikuwa Karis. Mwanzoni ilikuwa mzaha. "Karis, chipsi za leo ni volti ngapi?" "Karis, nikila nitawaka?" Halafu mzaha ukaisha. Watu wakaacha kununua, wakawa wanapita mbele yake wakitema mate.

Ndiyo hali uliyoikuta ulipofika na mzigo wa kituo kipya cha kule juu, Dagoretti. Ulinipigia simu saa tisa. "Mathe, niko hapa chini kwenye barabara yetu. Waya za mbele zimelegea, gari la kusindikiza limetangulia na Salim na polisi kuziangalia. Uko na chai?" Nikatia chai kwenye chupa, nikafunga chapati.

Nilipofika kona nilikuona umepiga magoti kando ya trela. Valvu, ile koki ya mafuta ya transfoma, ilikuwa imelegea kwa yale mashimo ya barabarani na mafuta yalikuwa yanadondoka. Wewe ulikuwa umeweka mtungi wa njano chini yake. Uliwahi kunieleza kwamba mafuta ya mzigo hayamwagwi, yanakingwa na kufikishwa, hata yakiwa kikombe kimoja. Kwa hivyo ulikuwa unafanya kazi yako. Lakini watu waliotoka sokoni waliona mtu na reflekta, na mtungi, na transfoma, na mikono imelowa mafuta.

"Unafanya nini hapo?" mmoja akakuuliza.

"Nakinga, yanavuja. Mimi ndiye dereva wa hii."

"Hata wale wa juzi walikuwa na reflekta. Kwani unatuona wajinga?"

"Ngojeni polisi, wako hapo mbele."

"Polisi wako. Ndio mnagawana."

Nikaanza kukimbia na chupa ya chai. Watu walikuwa wameshajaa, wanatoka kila mlango. Nikasikia ukiita, na sauti yako ilikuwa na furaha kidogo, kama mtu aliyeona mlango wazi. "Karis. Karis, waambie. Si unanijua?"

Wote wakamgeukia Karis, aliyekuwa katikati yao. Mwanamke mmoja akasema, "Aaa. Kumbe ndiye anakuletea." Mwingine akasema, "Tumewapata wote wawili." Nilimwona Karis uso wake, Njoroge. Nilikuwa nyuma ya watu wawili tu. Aliangalia wale watu, akakuangalia wewe, midomo imekuwa myeupe. Halafu akasema, "Mimi huyu simjui." Wakamwambia, "Kama humjui, tuonyeshe." Akainama akaokota jiwe la kujengea, akalitupa kwa mikono miwili usoni pako.

Baada ya hapo hakukuwa na wa kwanza wala wa pili. Walikupiga kwa mawe, kwa mbao, kwa mnyororo wako mwenyewe waliouchomoa kwenye trela. Niliona jino lako likiruka. Nilipiga kelele kwamba huyo ni mtoto wangu, mtu akanisukuma kifuani akasema, "Mama ya mwizi, ngoja zamu yako." Chupa ilipasuka, chai ikanichoma miguu, sikusikia mpaka kesho yake. Walichukua ule mtungi wakakumwagia kichwani mafuta yote uliyokuwa umeyakinga. Kijana wa bodaboda akaja na petroli kwenye chupa ya soda. Mmoja akawasha kiberiti, kikazima kwa upepo, akawa anatafuta kingine mfukoni, ametulia, kama mtu anayetaka kuvuta sigara.

Salim ndiye aliyefika. Alikuja mbio na ule mti wake, akipiga vichwa kushoto na kulia, akajilaza juu yako. Walimvunja mkono hapo hapo juu ya mgongo wako. Kisha polisi wakapiga risasi hewani, na watu wale wote wakapotea kama hawakuwahi kuwepo. Mmoja aliniambia "Pole, mama" akipita.

Nilikuweka kichwa mapajani. Jicho moja halikuwepo. Ulisema, "Mathe, valvu. Bado yanatoka." Nikakuambia nitafunga. Sikujua hata inafungwa vipi. Hukufika hospitali.

Mama Karis alikuja kwangu wiki iliyopita. Unajua tumeimba pamoja kwaya ya akina mama miaka yote. Hakukaa. Alisimama mlangoni akisokota leso.

"Mama Njoro, aliogopa. Wangemuua naye."

"Najua aliogopa. Hata wangu aliogopa."

"Ukinyamaza, kesi haina mtu mwingine. Salim hakuona mwanzo."

"Ndiyo maana siwezi kunyamaza."

Akaniangalia kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Akaenda. Sikulala. Nilifikiria kumwambia jaji kwamba sikuona vizuri, kwamba macho yangu ni ya uzee. Nani angenilaumu? Nilikuwa naogopa majirani, naogopa mawe dirishani, naogopa hata kupita mbele ya kwao kwenda dukani. Lakini kila nikifumba macho nasikia vile ulivyomwita kwa furaha.

Basi leo nikasema. Karis alikuwa ameinamisha kichwa. Mamake alikuwa kwenye benchi la nyuma, peke yake.

Tulirudi Waithaka kila mtu kivyake, Mama Karis nyuma yangu kidogo. Nilipokata kona ya soko niliona moshi. Kibanda cha Karis kilikuwa kinawaka mpaka paa. Karai lake liko barabarani, viazi vimekanyagwa, na watu wanashangilia. Njoroge, ni wale wale. Yule mwanamke aliyesema "kumbe" alikuwepo. Kijana wa bodaboda alikuwepo na chupa yake ya soda. Akaniona akatabasamu.

"Mama Njoro, kuja uone. Tumekulipizia."

Halafu akaangalia nyuma yangu. "Na huyo si mamake? Lete hapa huyo mama ya muuaji." Wakaanza kusogea, na nikaona mikono inainama kutafuta chini. Najua vile mkono unavyoinama. Nimeuona.

Nikarudi nyuma nikamshika Mama Karis, nikamweka nyuma ya mgongo wangu kama mtoto. Jiwe la kwanza likanipata begani. Nilisema kwa sauti ambayo sikujua ninayo:

"Wewe na petroli yako nimekuona mara mbili sasa. Jina lako nalijua na kwenu nakujua. Wewe mama, ulisema 'kumbe,' nilikusikia. Kesho narudi kwa jaji. Leo nimesema jina moja. Mkitaka nikaseme yote, rusheni."

Moto ulikuwa unalia. Mtu akasema, "Huyu mama amechanganyikiwa." Lakini mawe yalianguka chini, moja moja, niliyasikia. Wakaanza kuondoka kando kando. Yule kijana ndiye wa mwisho, akiniangalia sana. Kwa hivyo bado naogopa, usifikiri nimekuwa shujaa. Nimesukuma kabati nyuma ya mlango.

Mama Karis amelala kitandani mwako. Hakuna mahali pengine, na kwao hapafikiki leo. Nilimpa uji akanywa nusu. Hajanishukuru, nami sitaki anishukuru. Nilimwambia, ili asije akadanganyika, kwamba kesho wakili wa mwanawe ataniuliza maswali, na nitasema yale yale niliyosema leo, na nikimaliza na Karis nitaongeza yule wa petroli. Akasema, "Najua." Halafu akaniuliza saa ngapi tutatoka. Nikamwambia saa kumi na mbili, twende pamoja, maana barabara haiko salama kwake akiwa peke yake.

Usinikasirikie kwa hilo, baba. Jiwe likiwa hewani sikuweza kumwacha.

Bega linauma, wacha nilifunge kitambaa. Lala mwanangu, usiamke kwa sababu yangu.

Ni mimi mama yako, niliyekuja na chai.