Barua ya Rovu

Jumanne, 7 Februari 1984

Maji nimeteka, safari mbili. Mboga nimechambua. Sasa nimekaa nyuma ya ghala na daftari la jiografia la mwaka jana, naandika kwenye kurasa zilizobaki kwa sababu madukani daftari hakuna. Nina mambo mawili sijamwambia mtu. Hata padri.

Mwaka jana Mama alikuja shuleni kuniletea sweta. Wenzangu walikuwa wamekaa ukutani. Rehema akauliza, "Yule mama mwenye shingo ni nani?" Nikasema ni mama anayetusaidia shambani. Nilijibu haraka, kama mtu aliyejiandaa. Labda nilikuwa nimejiandaa.

Mama ana rovu. Kubwa, kama ngumi mbili zimekaa chini ya kidevu. Analifunika kwa kitenge, halifunikiki.

La pili ni la leo. Mwalimu mkuu amegawa barua kwa darasa zima tupeleke kwa wazazi. Wataalamu wa rovu watakuja Jumatatu, siku moja tu. Dawa ni bure. Watakaa zahanati. Zahanati inatazamana na madirisha ya darasa letu.

Barua nimeitia ndani ya jalada la daftari hili.

Nilitaka haya niyaandike kwa Kiingereza. Mama ana cheti cha elimu ya watu wazima, anasoma Kiswahili akifuata kwa kidole. Kiingereza hawezi. Lakini nikijaribu inakuwa kama mtihani, naanza kuogopa makosa ya sarufi badala ya kuogopa nilichofanya. Basi Kiswahili. Daftari nitalificha chini ya magunzi.

Alhamisi, 9 Februari

Mama alisahau ugali motoni. Mara ya pili wiki hii. Unga wenyewe ule wa njano, tuliupangia foleni tangu alfajiri. Ukaungua wote. Mama alikuwa amekaa palepale, mwiko mkononi, macho wazi. Kama taa isiyo na mafuta.

Shangazi Paskalina, dada yake Baba, alikuwepo. Akasema, "Wifi, moto umekukosea nini?" Akacheka. Mama naye akacheka, amechelewa, kicheko kikatoka wakati mwenzake ameshanyamaza.

Amevaa sweta na jua lote hili. Ngozi ya mikono imekauka kama ganda la mhogo. Sauti imekuwa nzito, mtu akiisikia nje anadhani ni Baba.

Zamani hakuwa hivi. Nakumbuka akiimba.

Jumamosi, 11 Februari

Nataka kuandika haraka, yanitoke.

Leo ilikuwa zamu ya shamba letu. Huku Bagara majirani wanapaliliana: leo kwako, kesho kwangu. Kila mtu anapewa mstari wake wa mahindi, wote mnaanza pamoja, na hakuna pa kujificha. Aliyebaki nyuma anaonekana na shamba zima.

Mama alibaki nyuma. Si hatua tano. Watu walifika mwisho, wakageuka, wakaanza mistari mingine, wakapishana naye. Mara nikamwona amesimama, ameegemea mpini wa jembe. Amelala. Saa tatu asubuhi, wima, katikati ya watu.

Shangazi akapaza sauti: "Jamani, wifi yangu anapalilia au analinda ndege?"

Wakacheka. Mzee mmoja akaongeza, "Mwacheni, anasikiliza mahindi yakiota!"

Mama akashtuka. "Najitahidi, wifi. Mikono ndiyo haisikii."

Nilikuwa mstari wa pili kutoka kwake. Kumalizia wake kungenichukua dakika kumi. Niliinama nikaendelea na wangu, haraka zaidi, nisionekane nafanana naye. Nilimchukia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli.

Watu walipoondoka Shangazi alikaa na Baba nje. Sikutega sikio, walisema kwa sauti. "Kaka, huyu umwite kaka yake kule Dongobesh aje amchukue. Mwanamke gani analala na jembe mkononi? Miaka mitatu unavumilia uvivu." Baba akasema, "Nitamwandikia."

Jumatatu, 13 Februari

Gari la wataalamu limekuja. Foleni ilianzia mlangoni mwa zahanati ikafika mpaka kwenye miti ya uzio. Akina mama wengi, wazee, watoto. Shingo za kila namna. Darasani watu walijazana madirishani, wengine wakihesabu.

Nilisema kichwa kinauma, nikalaza uso kwenye dawati.

Saa tisa gari likaondoka. Nilijisikia mwepesi. Hilo ndilo linaloniogopesha sasa, kwamba nilijisikia mwepesi.

Alhamisi, 16 Februari

Baiolojia. Tezi na homoni.

Mwalimu alifundisha kwa Kiingereza kama kawaida, nami nikawa naandika tu bila kufikiri. Kuna tezi ndogo chini ya ubongo, kubwa kama harage. Hiyo inatuma habari kwenye damu kwenda kwenye tezi ya shingoni: tengeneza homoni. Tezi ya shingo inatengeneza, na mwili mzima unapata mwendo. Joto, moyo, akili, tumbo, hata furaha. Lakini kuna madini yanayohitajika. Samaki wa bahari wanayo. Udongo wa milimani kwetu mvua imeyaosha, na samaki wa ziwa letu hawana ya kutosha. Madini yakikosekana tezi haiwezi kutengeneza. Ubongo unazidi kuagiza. Tezi inazidi kujitanua ili itii.

Mwalimu akatupa chaki mezani, akasema kwa Kiswahili: "Ni kama kiwanda kisicho na malighafi. Juu wanaagiza mali, huku chini meneja anaongeza majengo. Majengo yanakua, mali haitoki." Darasa zima likacheka. Viwanda tunavijua. Sabuni tunaijua kwa jina.

Kisha akaandika ubaoni dalili za mtu ambaye homoni hiyo imempungukia. Husikia baridi. Husinzia. Husahau. Ngozi hukauka. Sauti huwa nzito. Mwendo na fikra hupungua kasi. Huzuni isiyo na sababu. Akapigia mstari sentensi ya mwisho, na hiyo naiandika kwa Kiswahili: Mara nyingi watu humdhani mvivu.

Kalamu ilinidondoka. Rehema akaniokotea, akauliza, "Vipi wewe?"

Nilimnakili Mama yangu kutoka ubaoni, neno kwa neno. Na dawa ilikuja ikaondoka, na barua ninayo mimi.

Ijumaa, 17 Februari

Mwalimu alisema pia sisi wa umri huu tumejaa homoni. Ndiyo maana tunakasirika, tunaona haya, tunataka kufanana na wenzetu. Wavulana wakapiga makofi.

Nimefikiria usiku na mchana. Kama kulala kwa Mama ni homoni, kumkana kwangu nako ni homoni? Ningependa iwe hivyo. Ingekuwa nafuu.

Lakini Mama alikuwa anavuta jembe kuishinda damu yake. Mimi sikuvuta chochote.

Jumapili, 19 Februari

Jibu la Mjomba limeletwa na mtu baada ya misa. Atakuja Jumamosi kumchukua dada yake.

Mama hakulia. Ametoa nguo zake sandukuni, akazikunja, akasahau kama amezikunja, akazikunja tena. Kisha akaniita. "Emi, chukua." Sweta lile la shule. Alikuwa ameshona kiwiko.

Sasa niandike ile sehemu niliyoiruka siku ya kwanza. Siku ile shuleni nilijidanganya kwamba Mama hakusikia. Alisikia. Alikuwa hatua nne kutoka kwetu. Alifika, akanyoosha sweta, na mbele ya Rehema akaniambia, "Shikilia. Nimetumwa na mama yako."

Kisha akageuka akaenda. Kwa miguu, mpaka Bagara.

Hajawahi kulitaja. Alinikinga kwa uongo wangu mwenyewe.

Jumanne, 21 Februari

Nimekwenda zahanati. Nilipita mlangoni mara tatu, mara ya nne tabibu mwenyewe akatoka akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Shikamoo yangu haikusikika. Nikarudia. Nikasema mama yangu hakuja siku ile. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza mengine: Anasikia baridi? Ndiyo. Anasahau? Ndiyo. Ana umri wa miaka mingapi? Thelathini na sita. Choo kigumu? Nikaona haya, nikasema ndiyo.

"Mlete," akasema. "Wameniachia vidonge vichache vya waliochelewa. Vikiisha sijui vingine lini. Na damu yake lazima ipimwe mkoani, huenda akahitaji dawa ya kila siku." Akaongeza kwamba shingo haitapungua kesho wala mwezi ujao, nisimwahidi mtu miujiza.

Nikauliza kama mtu anaweza kuonekana mvivu kumbe ni hiyo. Akasema, "Binti, wanawake wangapi wamerudishwa kwao kwa hiyo."

Jumatano, 22 Februari

Nimemwambia Baba. Alikuwa ananoa panga. Nilisimama na daftari la baiolojia kama mtu anayeomba ruhusa ya kutoka darasani.

"Baba, Mama si mvivu. Ni ugonjwa."

"Dawa ya uvivu imetoka lini?" Hakuinua macho.

Nikaanza kumsomea. Kiingereza kwanza, sentensi kwa sentensi, kisha Kiswahili. Baridi. Usingizi. Kusahau. Sauti. Nilipofika kwenye sauti aliacha kunoa. Nilipofika kwenye mstari wa mwisho, ule wa watu kumdhani mvivu, akasema, "Soma tena hapo." Nikasoma. "Imeandikwa hivyo hivyo? Hujaongeza?" Nikamwonyesha. Hajui Kiingereza, lakini alishika daftari akalitazama muda mrefu.

Shangazi alikuwa mlangoni. "Kaka, sasa karatasi za mtoto ndizo zitakazopalilia?"

Baba akamjibu, "Paskalina, hebu kalale kidogo na wewe."

Sikumwambia habari ya barua. Mdomo ulifika hapo ukasimama. Alidhani ndiyo nimejua leo. Akanipongeza. Akasema shule imemlipa. Nilitamani anipige.

Ijumaa, 24 Februari

Kipindi cha hesabu. Baba alipita barabarani anasukuma baiskeli, Mama amekaa kwenye kiti cha nyuma, kitenge shingoni, amemshika Baba shati. Wakakunja kuingia zahanati. Dirisha letu limejaa watu.

Rehema akasema, si kwa ubaya, "Emi, yule si yule mama wenu wa shambani?"

Masikio yakawa moto. Moyo ukapiga. Homoni zote nilizofundishwa zilifika kwa pamoja.

"Ni mama yangu."

"Si ulisema—"

"Nilidanganya. Ni mama yangu mzazi. Anaumwa tezi."

Mtu nyuma akacheka. Rehema hakucheka. Alisogea kidogo kwenye benchi, nikadhani ananikimbia. Kumbe ananipisha nione vizuri.

Nikawatazama mpaka wakaingia ndani.

Jumamosi, 25 Februari

Mjomba amekuja na amerudi peke yake, na debe la maharage. Baba alimwambia dada yake yuko kwenye matibabu, haendi popote. Mjomba akasema afadhali, nauli yenyewe ilimshinda. Wakanywa chai isiyo na sukari. Shangazi hakuja.

Mama amemeza kidonge jana. Wiki ijayo Baba atampeleka Arusha akapimwe damu. Leo yuko vilevile. Amevaa sweta. Amesahau chumvi kwenye maharage, tumekula, Baba akasema ni matamu.

Asubuhi ilikuwa zamu ya shamba la jirani. Niliomba mstari ulio karibu na wake. Nilipomaliza wangu niliingia wa kwake kutoka upande wa mwisho, nikawa nakuja kumkuta. Tulikutana katikati. Hakuna aliyecheka, au sikusikia. Mama akafuta jasho langu kwa ncha ya kitenge, kile cha shingoni, shingo ikabaki wazi.

Sasa ni alasiri. Niko ndani, mezani, si nyuma ya ghala. Barua nimeitoa kwenye jalada. Imekunjika lakini inasomeka: jina la zahanati, Jumatatu, bure. Nimeiweka juu ya ukurasa wa tarehe saba. Kwa mdomo nimejaribu mara tatu leo. Siwezi.

Nasikia miguu uani. Ni yake. Anaburuza wa kushoto, anapumzika kwenye ngazi, anaburuza tena. Muda wa kulirudisha daftari chini ya magunzi ninao, tena mwingi, kwa mwendo wake.

Nimeandika kwa Kiswahili. Herufi zangu ni kubwa. Kidole chake kitazifuata.

Ameshika mlango.