Mbwa Mwenye Ndevu wa Bibi Serafina

Kwa Bibi Serafina,
Didia, Shinyanga Vijijini.
21 Julai 2024.

Mpendwa dada Wema,

Shikamoo. Najua umeshaitikia kabla hujafika mwisho wa mstari, unavyopenda kuamkiwa. Baridi ya Songea inasemaje? Kifua cha mwanao Abel kimepona? Shemeji Deusdedit bado anakoroma, au majirani wameshahama? Sisi huku wazima, ila mimi nimechoka, uchovu ule unaoanzia kwenye mifupa. Simu yangu ilizama kwenye tope machimboni, ndiyo maana unapata mwandiko. Usifu tu. Kwa mtu aliyeishia kidato cha pili, huu ni mwandiko wa hakimu.

Uliniagiza nimtafutie Bibi mbwa mdogo wa kukaa naye ndani, kwa kuwa tangu tumzike Babu nyumba imemzidi ukubwa. Kazi hiyo ulimpa anayeijua. Nilikwenda Kahama kwa Mama Blessing, aliyekuwa akiwapikia wazungu wa mgodini. Walipoondoka walimwachia mbwa wao, teria, wale wadogo wenye manyoya magumu na ndevu, naye akazaa watoto watatu.

Mama Blessing akanisukumia mweupe. "Chukua huyu, mpole. Hata mgeni akija haamki."

Nikamwambia, "Mama, wa kulala tunaye tayari, ni Bibi."

Wa pili alijificha nyuma ya ndoo. Wa tatu, wa kahawia, alikamata pindo la suruali yangu na hakuliachia mpaka stendi. Huyo ndiye. Mbwa wa mtu anayeishi peke yake sharti awe mbishi. Hilo shuleni hawafundishi, liandike mahali.

Bibi alimtazama, akasema, "Januari, umeniletea mzee mwenzangu. Ndevu hizi ni za babu yako mtupu." Jioni ileile akamlaza kitandani, miguuni pake. Kisha akampa jina. Unajua mbwa wa kwetu hupewa jina la kuwasema majirani, na Bibi hajapata kukosa la kusema, basi akamwita Mtachoka. Jua likishuka anasimama mlangoni: "Mtachoka, ingia ndani. Mtachoka, si naongea na wewe?" Na jirani yetu Ndaki, anayegombania na Bibi mpaka wa shamba, anasikia kila neno.

Hapo sikuona mbali, wala usitegemee niseme hivyo mara ya pili. Huku mbwa hulala nje na ng'ombe. Sasa huyu ni kikongwe, mjane, macho mekundu kwa moshi wa kuni, na kitandani kwake kuna kimnyama chenye ndevu. Ndaki akaanza kusema kisimani kwamba yule si mbwa. Wanawake wakaacha kukatiza uani kwetu. Mtoto mmoja alikutana na Bibi njiani, akatupa kuni zake akakimbia. Dada, unajua neno hilo la uchawi limewafikisha wapi vikongwe wa sehemu zetu.

Sikurudi machimboni. Nimekuwa nikilala mlangoni kwa Bibi na fimbo, wenzangu wamegawana mifuko ya mawe ya dhahabu bila mimi, na mchana nasinzia hata chakula kikiwa mdomoni. Nilimwomba Bibi nimrudishe mbwa Kahama. Akasema, "Mrudishe, halafu nibaki na nani? Wewe? Wewe unakoroma, na ndevu huna."

Asubuhi moja Mtachoka akachoropoka, moja kwa moja uani kwa Ndaki. Nilipofika, Ndaki na mkewe walikuwa wameshashika marungu. Mbwa yuko chini ya kihenge cha mpunga, mkia tu unaonekana, anafukua. Akatoka na panya mdomoni, akamtikisa, akamtupa, akarudi kutafuta mwingine. Mke wa Ndaki akashusha rungu lake.

"Mwache," akamwambia mumewe. "Jini gani hili linafanya kazi?"

Kesho yake wakatuma watoto waje kumwazima. Bibi akakataa. "Mwenye panya ni baba yenu, na miguu anayo." Ndaki akajikaza. Panya nao wakajikaza. Mimi nilikuwa upande wa panya, na sioni aibu.

Jana Ndaki alikuja. Alisimama mlango wa ua akasema, "Mwadila, mayu," salamu ya heshima ya Kisukuma kwa mama, ambayo hakuwa amempa Bibi tangu masika. Bibi hakugusa habari ya mbwa. Alimwekea kigoda, akaleta sahani ya michembe ya viazi vitamu na karanga, akaketi kumtazama. Wanawake waliokuwa wakitoka kisimani wakasimama njiani na ndoo kichwani. Mtu hali kwa mtu anayemdhania uchawi, hilo sina haja ya kukufundisha. Ndaki aliitazama ile sahani kupita inavyostahili michembe. Kisha akachukua kipande, akatafuna, akameza.

"Karanga hazina chumvi, unisamehe," Bibi akamwambia.

"Zinatosha, mayu." Akachukua kipande kingine.

Sikungoja amalize. Niliegesha fimbo ukutani nikaenda kulala, jua likiwa kali kabisa.

Msalimie shemeji, mbebe Abel kwa niaba yangu, na umwambie shangazi Mageni kuwa nimezidi uzuri alioniacha nao, uchovu umeupunguza kidogo tu. Bibi anawasalimu wote. Mungu awape usingizi mzito na majirani wepesi.

Mdogo wako akupendaye, hata ukibisha,
Januari