Mbolea Ambayo Haikufika Shambani

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Tatu Shemweta. Umri: anakadiria miaka 74. Kazi: mkulima. Makazi: Soni, Wilaya ya Lushoto. Hajui kusoma, ameeleza kwa mdomo. Tarehe 9 Julai, saa 5:20 asubuhi.

Basi nikamwambia Ilham, futa hilo neno. Ilham ndiye mmemweka ndani tangu juzi, mke wa mwanangu Hashimu, eti kaiba hela za nyumbani. Hakuiba.

Ilikuwa tarehe mbili Januari, baada ya adhuhuri, tunamenya viazi. Viazi vyenyewe mwaka huu bei imeanguka, haya tuache. Ilham anaandika matumizi yetu kwenye kompyuta, mistari mitupu tu kama barua: tarehe, kitu, hela imetoka wapi, imeenda wapi. Kila kitu kina fungu lake na kiasi chake cha mwezi. Huwa ananisomea: matumizi, chakula, unga. Matumizi, shamba, mbolea. Siku hiyo akasoma: matumizi, mama, sanda, elfu thelathini. Maana alipokufa mume wangu sanda tulikopa dukani, na aibu ile hajaisahau.

Nikasema, "We mwana, mimi bado nakula bada yangu ya muhogo, unaniwekea bajeti ya kunizika?" Sanda ya mtu aliye hai haitajwi nyumbani kwangu. Akacheka. "Sasa mama niandike wapi?"

"Hela weka, jina futa. Tia kwenye mbolea. Si nitaoza huko huko?" Nikamwapisha asimwambie mtu.

Miezi sita ananiletea, nafunga kwenye kanga. Tarehe saba mwezi huu niko Gare kwa mdogo wangu, Hashimu akafungua kompyuta. Mbolea imezidi laki na themanini, stoo kuna mfuko mmoja. Akamuuliza mkewe, mkewe kimya. Kwa sababu nilimwapisha mimi! Akamwambia, "Umepeleka kwenu Mombo," akamleta hapa kituoni. Mimi nimesikia leo asubuhi, nimekuja na goti hili halikunjiki.

Hela hizi hapa, afande, hesabu. Na mwanangu yuko mlangoni anasikia, basi nalitaja mwenyewe: ni sanda yangu.

Nani? Naitwa kaunta. Hashimu anataka kufuta kesi, lakini Ilham hataki kutoka mpaka nimfuate mimi. Ngoja, afande. Niliyosema ndiyo hayo, yaandike hivyo hivyo. Naenda.

Dole gumba la kulia: Tatu Shemweta

Shahidi aliitwa kabla hajamaliza. Alirudi saa 6:05 mchana, nikamsomea, akakubali kuwa ni sahihi, akaweka dole gumba mbele yangu. Sh. 180,000 zimehesabiwa na kurudishwa kwake. Ameondoka na mkwe wake kwenda Gare. Mlalamikaji amebaki kaunta.
Koplo Rubeni