Siku Niliyomwacha Festo Azime Kengele kwa Jina Lake

Tarime, Alhamisi. Mvua imekatika saa tisa mchana, ubaridi umebaki. Nimevaa sweta mbili na nina furaha.

Naandika neno furaha kabla sijaanza kujitetea. Leo Festo amesimamishwa kazi. Nilikuwa dirishani, nikamwona akitoka na begi lake la kompyuta, akakanyaga dimbwi pale getini mpaka soksi zikalowa, nikacheka peke yangu kama mwehu.

Miezi saba nimemsubiri mtu huyu.

Nafanya kazi kwenye kampuni ndogo hapa mjini. Tunatunza mfumo wa rufaa unaotumiwa na zahanati za Tarime na Serengeti. Muuguzi akipata mgonjwa aliyemshinda anatuma ombi kwa simu, ombi linapita kwenye seva tulizokodi huko mbali, zile watu wanaziita wingu, kisha dereva wa gari la wagonjwa anapata ujumbe. Kazi yangu ilikuwa kuzichunga hizo seva. Zikielemewa, maombi yanakwama, na kengele inatakiwa ilie kwenye simu ya mwenye zamu. Festo alikuwa mkuu wangu wa kitengo.

Msimu wa mvua uliopita bibi yangu alifariki kule Nyarero. Nilipoomba ruhusa, Festo alisema, "Nenda kazike, Bhoke. Niachie tu neno lako la siri nikushikie zamu." Nikamwandikia kwenye karatasi, kwa mkono wangu mwenyewe, na nikamshukuru.

Siku ya mazishi maombi yalikwama tangu asubuhi hadi mchana. Kwenye zahanati ya Kerende kulikuwa na mama mwenye uchungu wa kuzaa anayetokwa damu. Muuguzi wa pale, dada Rehema, mtu wa Tanga aliyeletwa huku na serikali, alituma ombi mara tatu. Gari halikuja. Wakampakia yule mama kwenye bodaboda, katikati ya dereva na shangazi yake, wakampeleka hospitali ya Nyamongo kwenye tope. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Kengele zilikuwa zimenyamazishwa. Kwa akaunti yangu.

Kwenye kikao Festo alisimama mbele ya watu wote akasema kwa sauti ya upole, "Bhoke alizima kengele ili simu isimsumbue msibani. Ni binadamu, tumwelewe."

Hilo la tumwelewe ndilo lililonichoma kuliko yote.

Nilisema neno langu la siri alikuwa nalo yeye. Akaniuliza kama nina ushahidi. Sikuwa nao. Nikapewa barua ya onyo, nikahamishiwa kwenye kutengeneza printa. Dada Rehema, ambaye tulikuwa tunaongea karibu kila siku, akaacha kupokea simu zangu. Sikumlaumu. Yeye ndiye aliyekuwa amemshika yule mtoto.

Basi Festo akabaki na seva, na seva zikamchosha. Kengele zilikuwa zinalia kwa mambo makubwa na kwa upuuzi. Alilalamika mpaka mkurugenzi wetu, tunayemwita Madam, akaniita miezi miwili iliyopita. Akasema, "Wewe ndiye unayeujua huu mfumo ndani. Tafuta namna ya kutumia akili mnemba itupunguzie hii kazi."

Nilitoka ofisini kwake nikitembea taratibu, ili nisikimbie.

Jambo la kwanza nililomwomba huyo msaidizi wa akili mnemba halikuwa kuchunga seva. Nilimpa kumbukumbu zote za siku ile ya msiba nikamwambia anitafutie Festo. Akajibu kwamba kumbukumbu zinaonyesha akaunti yangu ndiyo iliyonyamazisha kengele, na kwamba taarifa za kifaa kilichotumika zilishafutika. Nikamwambia aandike kwamba ni Festo. Akasema hawezi kuandika kitu ambacho kumbukumbu hazionyeshi, ila anaweza kunisaidia kuandika maelezo yangu mwenyewe, kwa jina langu. Niliifunga kompyuta kwa nguvu hadi mwenzangu wa meza ya pili akageuka.

Siku mbili sikumgusa. Siku ya tatu nikarudi nikiwa na wazo.

Nikaujenga mpango mzima vizuri, na hapo najisifu bila aibu. Kila mtu na akaunti yake. Msaidizi anasoma kumbukumbu za seva mchana kutwa, anazifunga kengele ndogo ndogo pamoja ziwe ujumbe mmoja, anaandika chanzo cha tatizo kwa Kiswahili cha kawaida, anaandaa suluhisho, na mwenye zamu, au mimi niliyeujenga, anaidhinisha kwa kubonyeza mara moja. Na anayenyamazisha kengele, jina lake, saa, na sababu aliyoitoa vinaingia kwenye ripoti ya Madam. Niliyaandika hayo ukurasa wa nne. Festo alisaini ukurasa wa kwanza na wa mwisho.

Halafu nikafanya jambo langu.

Watu wote walipata ujumbe mmoja uliofungwa. Festo peke yake alipata kila kengele, moja moja. Seva imepiga chafya, simu ya Festo inalia. Msaidizi aliniandikia kwamba mtu mmoja anapokea kengele nyingi kupita kiasi, na mtu wa namna hiyo huzoea kuzipuuza, hata zile za hatari. Akapendekeza turekebishe.

Nikamjibu: iache hivyo.

Wiki tatu nilimwona akiitoa simu mfukoni, akiirudisha, akiitoa. Kwenye chai. Korido. Katikati ya maneno. Nilikuwa nashika printa iliyokwama karatasi huku namhesabia. Nilijua atakachofanya, kwa sababu alishakifanya.

Jumanne wiki hii, saa nne asubuhi, Festo alikuwa Mugumu kwenye kikao na maofisa wa afya. Maombi yakaanza kukwama, kweli kweli. Kengele kubwa ikamwendea. Kwenye kioo cha kompyuta yangu ikatokea: kengele zote zimenyamazishwa. Jina, Festo. Sababu, kelele.

Kelele.

Mwili wangu wote ulipata joto. Chini ya neno hilo msaidizi alikuwa ameshaandika kila kitu. Seva moja imejaa, maombi mawili yanasubiri, moja kutoka Nyarero, moja kutoka Kerende, la dharura. Suluhisho liko tayari. Je, unaidhinisha?

Mkono wangu ulikuwa kwenye kipanya.

Nikaona nikibonyeza sasa hivi, atasema ilikuwa sekunde chache tu. Atasimama tena na ile sauti ya upole. Nilitaka jambo lirefuke kidogo, liwe na uzito, asipate pa kujificha. Niliweka mikono yangu mapajani nikaangalia saa ya ukutani.

Dakika kumi na moja.

Kisha nikabonyeza, na maombi yote mawili yakapita papo hapo. Gari likatoka Nyamongo kwenda Kerende kumchukua mchimbaji mdogo, anaitwa Marwa, kifusi kimemwangukia mguuni akiwa shimoni.

Ripoti ikamfikia Madam mchana huo huo. Jana akamwita Festo, akaniita na mimi. Festo alisema akaunti yake huenda imetumiwa na mtu mwingine. Madam akamuuliza, "Kuna mtu ulimpa neno lako la siri?" Akainamia mikono yake. Nikamwangalia. Nilitaka aniangalie na yeye, lakini hakuinua macho. Madam akasoma neno kelele kwa sauti, mara mbili, kisha akaichukua barua yangu ya onyo kwenye faili akaichana vipande mbele yake.

Kama kuna siku tamu kuliko hiyo sijaiona.

Leo mchana, Festo alipokwisha kuondoka, simu ikaita. Dada Rehema. Miezi saba.

Akasema, "Mdogo wangu, nisamehe. Nimesikia. Nilikuhukumu bure, na Mungu ananiona."

Nikasema yamekwisha, dada.

Nikamuuliza habari za Marwa, kwa sababu nilishindwa kutouliza. Akasema wamemkata mguu chini ya goti. Alifika amepoteza damu nyingi, damu ilikuwa haiendi kabisa kwenye unyayo. "Lakini yu hai, alhamdulillahi. Gari lilichelewa tu kidogo."

Nikauliza, lingewahi kidogo mguu ungepona? Akasema hakuna anayejua, mdogo wangu, pengine mguu ulishakufa kule kule shimoni. Pengine.

Tangu hapo nimekaa na neno pengine.

Simsamehe Festo. Nataka hilo libaki hapa lilivyo. Akirudi kesho nitamfanyia tena, kwa njia nyingine. Kifo cha yule mtoto ni chake, na uongo ni wake, na ile sauti ya upole ni yake. Lakini dakika kumi na moja si zake.

Na zimeandikwa. Nilijenga mfumo usiomwonea mtu aibu, na mimi nimo ndani yake. Ukifungua kumbukumbu za Jumanne, chini ya jina la Festo kuna mstari unaosema suluhisho lilikuwa tayari likisubiri idhini ya Bhoke. Juu zaidi, kwenye kumbukumbu za wiki tatu nyuma, kuna yale maneno yangu mawili, iache hivyo. Madam aliishia kwenye jina la Festo. Hakuna aliyesoma zaidi ya hapo.

Nina ruhusa ya kuifuta mistari hiyo. Saa kumi na moja jioni niliifungua nikaichagua yote, ikawa ya bluu kwenye kioo. Sikumwuliza msaidizi. Nilijua atakachosema, na sikutaka kusemeshwa.

Sikuifuta. Siwezi kusema ni kwa wema. Nilijiona tu nikisimama kwenye kikao, sauti yangu ya upole, nikieleza kwamba nilikuwa nahakikisha kwanza kama suluhisho ni salama. Maneno yalikuwa yameshakamilika mdomoni. Yalinijia kirahisi mno.

Nimeituma kwa Madam jinsi ilivyo, bila kuongeza maelezo.

Kesho asubuhi nachukua bodaboda kwenda Kerende. Nataka dada Rehema alisikie jambo la zile dakika kwangu kabla hajalisikia kwa mtu, halafu anipeleke alipolazwa Marwa, kama atakubali kutembea na mimi.