Mlango wa Tatu, Juu ya Duka la Viatu

3 Machi

Bibi yangu,

Nakuamkia kwa heshima, wewe na goti lako. Mimi nazidi kupona. Nyaya za kushikilia taya lililovunjwa zimetolewa na sasa natafuna, japo upande mmoja. Simu niliitupa, maana ndiyo iliyompa yule bwana njia ya kunipata mara ya kwanza. Nafua mashuka nyumba ya wageni, na chumba nakaa na dada mmoja mpishi.

Kesi inatajwa tarehe kumi na nane. Mwendesha mashtaka amesema nisiende, nitaitwa siku ya ushahidi. Nenda wewe ukasikilize, mimi hakuna anayeniambia kitu. Halafu njoo unione. Kwa kuwa mabango husomi, mshonaji akusomee hapa mpaka ukariri: shuka mwisho wa njia ya mabasi, fuata ukuta wa kiwanda cha sabuni, duka la viatu, ngazi ya chuma, mlango wa tatu. Usimwambie mtu.

Mjukuu wako


20 Machi

Mke mwenzangu,

Uzima upo? Kwangu upo, tumbo linapokea na usingizi unakuja. Mshonaji anaandika, mimi nasema, na nimemkataza kupamba.

Mahakamani nilikwenda, nimevaa viatu vya msibani. Yule mwanamume wako alikuwa kizimbani, kanenepa. Rumande inamlisha. Hakimu akauliza mlalamikaji yuko wapi. Mwendesha mashtaka anafunua makaratasi tu, kama kuku anayepekua jalala. Nikaona aibu mtoto wangu kuonekana hana kwao. Nikasimama, nikamwambia hakimu yote, kituo, ukuta wa sabuni, ngazi, mlango wa tatu, bila kukosea hata neno. Hakuna aliyeninyamazisha. Ulisema nisimwambie mtu, lakini hakimu si mtu, ni serikali. Akanishukuru. Kisha wakampa yule mwanamume dhamana.

Mshonaji ameweka kalamu chini. Ananitazama. Anasema, "Bibi, na yeye si alikuwa anasikia?"

Mwanangu, toka chumba hicho. Usikunje nguo. Toka.

Bibi yako


14 Aprili

Bibi,

Nakuandikia nikiwa hai, hiyo ndiyo salamu yangu.

Alifika kabla ya barua yako. Nilikuwa zamu. Dada mpishi alikataa kusema nafulia wapi, yule bwana akampiga kwa pasi yetu. Jicho moja halipo tena. Polisi wa huku wanasema kesi ni ya huko kwenu, niende huko. Kuhusu dhamana wakaniuliza, "Kwani hukuambiwa?" Kumbe ni haki yangu kuambiwa. Hata ushahidi ningeweza kuutoa nyuma ya pazia, asinione. Kaniambia hayo muuguzi, wakati anamfunga dada kichwa.

Tarehe ya ushahidi sitakuja. Naogopa, Bibi. Sikulaumu. Nakulaumu kidogo, kisha naona haya. Nimehama, na sikwambii nilipo, sasa wala baadaye. Barua hii analeta dereva wa lori. Ukiwa na jibu mpe yeye, na usimwulize kitu.

Mjukuu wako


9 Juni

Mjukuu wangu,

Kula yako ikoje? Nauliza tu, najua jibu litachelewa. Mimi nakula nikikumbushwa.

Dereva sikumwuliza. Nilimpa maji, nikalitazama vumbi la magurudumu yake nione ni la wapi, halafu nikajikemea nikaingia ndani.

Kesi imekufa. Umeitwa mara tatu hukutokea, kwa hiyo hakimu kaifuta. Mwendesha mashtaka akaniambia kwa upole, kama anayempa mtoto dawa, "Mama, mjukuu wako ameonekana hana nia."

Nikamwambia, "Hana nia ya kufa."

Akatazama saa yake. Nikamwuliza dada mpishi atalipwa nini kwa jicho lake. Akasema hilo ni faili lingine.

Uliponiambia unanilaumu kidogo, mshonaji alitaka kuliruka neno lile. Nikamwambia soma, hilo ni langu. Lete na lililobaki nilibebe. Nitakufa bila kuijua sura yako ya uzeeni, na niliyeifunga njia ni mimi, kwa mdomo huu uliokutafunia chakula ulipokuwa huna meno.

Yule bwana alinisubiri kwenye geti la mahakama. Kanyoa, kavaa shati jeupe. Akainamisha kichwa mbele za watu, akaniambia, "Shikamoo, bibi."

Mwanangu, mdomo haukuniuliza. Nilimwitikia marahaba.

Bibi yako